Wimbo wa Mumbua Sokoni Emali

Kwata ndai! Kwetu Ukambani tunaanza hivyo, na wewe unajibu: nakwata. Ukishindwa unanipa mji, niukalie kama chifu, ndipo nikupe jibu. Basi kwata hii: anayekula kwanza ni mgeni, anayekula mwisho ni nani?

Ni mwenye nyumba. Kitendawili hiki nilitegewa na wifi yangu Mumbua siku niliyoingia boma lao kule Kathonzweni, mwaka wa sitini na sita, nikiwa bibi mpya wa ndugu yake Nzuki. Nilikuwa nimepewa sahani ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, nimeiweka mapajani, naona haya kuanza kula kabla ya wenyeji. Akaniona. Akanitegea, nikakosa, nikampa mji wa Machakos, akanipa jibu. "Sasa kula, mwaitu," akasema, akiniita mama yetu. "Mimi nitakula mwisho kwa sababu nyumba ni yangu." Alikuwa na pengo hapa mbele, akicheka ulimi unachungulia.

Nyumba ilikuwa yake kweli. Wazazi wao walikufa upande wa Kitui, karibu na Mutomo, na mwaka mmoja wa njaa, kabla ya uhuru, Mumbua alimbeba Nzuki mgongoni wakavuka mto Athi kumtafuta shangazi yao. Nzuki alikuwa mvulana wa kutembea mwenyewe, lakini njaa ilikuwa imemmaliza miguu. Maji yalimfika Mumbua kifuani. Baadaye wanaume walikuja kumposa, akawauliza, "Na huyu mtoto wangu?" Wakarudi walikotoka. Akabaki kusuka vyondo vya makonge mpaka vidole vikaota sugu, na hivyo vyondo ndivyo vilivyomnunulia Nzuki gitaa lake la kwanza. Lilikuwa la mbao, limeshapita mikono ya watu wengi, na uzi ukikatika Nzuki alifunga waya wa breki ya baiskeli.

Mwaka wa sabini na saba kifua kilimshika Mumbua kikakataa kumwachilia. Sisi tulikuwa tumehamia Emali. Mimi nilikuwa na hoteli ndogo ya chai na maharagwe karibu na stesheni, na Nzuki alipiga gitaa na wenzake sokoni siku ya mnada wa ng'ombe. Tulirudi nyumbani kumwona. Alikuwa amelala ubavu, anaongea maneno mawili anapumzika.

"Nzuki, hakuna mtoto atakayeitwa mimi," akasema.

"Usiseme hivyo, dada."

"Nasema. Kwetu mtu akifa anarudi kwa jina la mjukuu. Mimi sina mtoto, nitarudi kwa nani? Niweke kwenye gitaa, basi. Nitakaa huko."

"Nitakuweka."

"Na usiniweke mwanzo kama mgeni." Akanikonyeza, hata kwa ugonjwa ule. "Kalunde anajua mahali pangu."

Tukamzika. Na Nzuki akautunga ule wimbo.

Mjue jinsi wapigaji gitaa wa kwetu wanavyofanya. Wimbo una maneno yake, halafu gitaa linakimbia, na gitaa likikimbia mwimbaji anasalimia watu kwa majina. Anasalimia chifu, anasalimia dereva aliyembeba bure, mama aliyempa maji, mgeni aliyetoka Kambu au Kitui. Kutajwa hivyo ni jambo kubwa. Nimeona mtu mzima akitoka na machozi kwa sababu jina lake limeitwa mbele ya watu. Wageni wanatajwa kwanza, wakubwa wanafuata, na mwenye wimbo, yule ambaye wimbo ni wake, anatajwa mwisho kabisa.

Nzuki akafanya hivyo. Alisalimia soko lote, halafu akainua mkono, magitaa yote yakanyamaza, na katika kile kimya akaimba peke yake: "Na huu ni wa Mumbua, aliyenivusha Athi mgongoni." Basi. Wimbo umekwisha. Watu walikuwa wanakaa kidogo kabla ya kupiga makofi. Hata wauza mbuzi walinyamaza. Mimi nilikuwa naacha sufuria ichemke imwagike, nisimame mlangoni niusikie huo mwisho.

Sasa mwaka wa sabini na tisa kamati ya soko ikaona kwamba Emali inapitwa. Malori yanasimama, watu wanakunywa chai moja, wanaenda kutumia pesa zao mbele. Kamati ikasema, tutafute kitu cha kuwashika watu hapa. Wakaja kukaa kwenye hoteli yangu, watu watatu. Mbuvi, mwenye baa kubwa na pikapu. Jonah, mwalimu na mzee wa kanisa, ndiye katibu. Na Aftin, Msomali wa kununua ng'ombe, aliyekuwa na ule uwanja wenye ua wa miiba mahali mnada ulipofanyiwa. Nzuki akaitwa, akaja na mpiga besi wake, Muthama. Besi yenyewe ilikuwa gitaa la kawaida lililopunguzwa nyuzi.

"Nzuki," Mbuvi akaanza, "hilo gitaa lako linalia kama mbuzi amebanwa na mlango."

"Lakini watu wanacheza," Nzuki akasema.

"Watu gani? Wale wanaokusikia. Mama wa ndizi pale hajakusikia tangu uzaliwe. Mimi nitanunua magitaa ya umeme na spika za kusikika mpaka reli. Yatakuwa magitaa yangu, wewe utapiga. Aftin atatoa uwanja. Kamati itatoa chumba cha kufanyia mazoezi, kile cha nyuma ya ofisi ya soko. Tushirikiane, mji uamke."

"Mimi nataka wapige wakati wa mnada," Aftin akasema. Alikuwa mrefu, anakaa kwenye kiti changu kama amekaa kwenye debe. "Ng'ombe wakisikia gitaa wanatulia."

"Ng'ombe au wanunuzi?" nikamuuliza, nikimmiminia chai.

"Mama Ndeti," akasema, akiniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, "wote ni hao hao."

Tukacheka. Jonah akakohoa. "Kila mshirika atajwe kwenye ule wimbo mkubwa," akasema. "Ndiyo haki. Lakini pombe isitajwe."

"Sasa mwalimu," Mbuvi akamgeukia, "nitajwe kwa kazi gani? Ati Mbuvi muuza Biblia?"

"Utatajwa kama mfanyabiashara."

"Na wewe utatajwa?"

Jonah akaangalia mabati ya paa. "Kwa ajili ya shule tu," akasema.

Aftin alikuwa ameleta mbuzi wa kufunga mapatano, na nyama ilipoiva tukala pamoja. Hapo ndipo Mbuvi alipomuuliza Nzuki, mdomo wote mafuta, "Na wewe mwenyewe unataka nini?"

Mimi nilimgusa Nzuki kwa mguu chini ya meza. Sema, nikamwambia kwa macho. Sema ule mwisho ni wa Mumbua na usiguswe na mtu. Nzuki akaangalia sahani. "Nyinyi mkishiba, na mimi nimeshiba," akasema.

Tukiwa njiani kwenda nyumbani nilimkemea. "Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, nyama ya watu iko mdomoni? Unakula mbuzi wa mtu huku unamwekea masharti?" Akanishika bega. "Wewe tulia. Wao ni wageni, watajwe huko mwanzo mpaka wachoke. Mwisho ni wa Mumbua. Nani atamtoa?"

Na kusema ukweli wa Mungu, ule ushirikiano ulifanya kazi. Sitaudharau kwa sababu ya yaliyokuja. Magitaa yalikuja yakiwa mekundu, yanang'aa kama pilipili zilizooshwa, na spika mbili zenye urefu wa mtoto wa shule. Siku ya kwanza zilipowashwa kwenye uwanja wa Aftin, mama wa ndizi aliacha ndizi. Watu walianza kuja kutoka Kathonzweni na Kambu hata kama hawana ng'ombe wa kuuza. Mimi nikaongeza meza. Fundi cherehani akapata kazi ya kushona mashati ya bendi. Vijana wawili wa Emali wakafundishwa gitaa katika kile chumba cha kamati, na Jonah mwenyewe akawa anapita hapo dirishani, mguu wake ukicheza, akikumbuka anausimamisha. Nzuki alikuwa anatembea kama mtu mwenye mji.

Majina yakaongezeka. Mbuvi akataka atajwe na mtoto wake wa kwanza. Halafu baa itajwe, lakini iitwe hoteli, kwa sababu ya Jonah. Halafu shule ya Jonah, halafu wenye malori waliochangia dizeli ya jenereta. Nzuki aliwaweka wote. Siku ya mnada wimbo ungeweza kwenda hata nusu saa, kwa hiyo nafasi haikuwa shida. Na mwishoni aliinua mkono, kimya kikaja, na Mumbua akavuka Athi. Na kwa spika zile akasikika mpaka reli. Nilimwambia Nzuki, dada yako sasa ana sauti kubwa kuliko alivyokuwa nayo akiwa hai.

Mwaka wa themanini na moja kamati ikaamua tutoe santuri, redio iipige, nchi ijue Emali. Nzuki hakulala vizuri wiki hiyo kwa furaha. Santuri haizeeki, aliniambia. Sisi tutakufa, Mumbua atakuwa anaimbwa Kisumu na watu ambao hata hawajui Athi ni nini. Nikafunga hoteli, nikaenda nao Nairobi, nimebeba chapati na mayai ya kuchemsha ya watu wote. Pikapu ilikuwa ya Mbuvi. Mbuvi mwenyewe hakuja, alimtuma Jonah awe macho ya kamati.

Studio ilikuwa ngazi nyingi juu ya duka la vitambaa. Chumba kilikuwa kimebandikwa trei za mayai ukutani. Fundi alikuwa kijana mwenye vitu vya kusikilizia masikioni, anaongea na sisi kupitia kioo. Alitueleza mara moja. "Upande mmoja wa santuri ni dakika tatu na kidogo. Mkizidisha, sindano itafika kwenye karatasi."

"Na upande wa pili?" Nzuki akauliza. "Si wimbo unaweza kuendelea huko?"

Jonah akafungua vifungo vya koti. "Upande wa pili ni wimbo wa hoteli ya Mbuvi. Kamati ilishaahidi."

Wakapiga mara ya kwanza. Kufikia jina la Aftin, fundi akapunga mkono. Muda umekwisha. Nzuki alikuwa hajainua hata mkono. Wakapiga tena, mbio, kama watu wamefukuzwa na nyuki, mpaka Muthama akakosea besi. Bado. Majina yalikuwa mengi na dakika zilikuwa zile zile, na Nzuki akamweleza fundi kwamba Mumbua wa mwisho bado hajatajwa.

"Huyo mama wa mwisho," fundi akasema kwenye kioo, "muweke mwanzo. Rahisi sana."

"Mwanzo ni pa wageni," Nzuki akasema.

"Mzee, ni jina tu."

Nzuki akanigeukia. Nikamwambia, "Muweke mwanzo, baba Ndeti. Hatakasirika. Bora aingie kwa dirisha kuliko alale nje."

"Alinikataza. Wewe ulikuwa pale."

"Alikuwa anatania!"

"Alikuwa anakufa," Nzuki akasema. "Mtu hatanii kwa maneno yake ya mwisho."

Muthama akakohoa. "Basi tutoe jina moja la washirika. Moja tu, tupate nafasi."

Jonah akafikiria, na akaona njia. Hakuwa mtu mbaya, Jonah. Alikuwa mtu wa kutafuta njia. "Tumtoe Aftin," akasema. "Yule hajui Kikamba. Wimbo ukipigwa hatajua kama yuko ama hayuko."

Nilimwangalia Nzuki. Mungu anisamehe, niliomba akubali.

"Nilikula mbuzi wake," Nzuki akasema. "Na mtu asiyejua lugha yangu ndiye nimuibie?"

"Basi mtoe Mbuvi," mimi nikasema. "Ametajwa yeye, mtoto wake na hoteli yake. Hata Ibrahimu hakutajwa hivyo."

Jonah hakunijibu mimi. Alimwambia Nzuki polepole, kama anavyosomesha, "Gitaa ulilovaa shingoni ni la nani?"

Nje kwenye ngazi bendi nyingine ilikuwa imefika, tunasikia wakigongesha ngoma zao ukutani. Fundi akaangalia saa ya ukutani. Muthama akaangalia viatu. Nzuki alisimama na lile gitaa jekundu, akalishika shingo kama mtu ameshika jogoo na hajui amchinje ama amwachilie.

"Piga," akasema.

Wakapiga. Wakataja wote vizuri, bila haraka. Na mahali pa kunyamaza, fundi akazima mashine.

Njiani kurudi hakuna aliyekula mayai yangu.

Santuri ilitoka na karatasi ya kijani, na jina la wimbo lililoandikwa hapo halikuwa lile Nzuki alilowapa. Kamati ilikuwa imeupa wimbo jina lingine: Emali Soko Letu. Mbuvi aliipiga kutoka asubuhi kwa spika ya baa. Redio nayo ikaipiga, na siku hiyo watu walikumbatiana barabarani, madereva wakapiga honi. Mimi nilikuwa napika na machozi, watu wakasema ni kitunguu, nikakubali ni kitunguu.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeuliza. Aftin alikuja akakaa kwenye kile kiti, akaagiza chai, hakuinywa.

"Mama Ndeti, hii wimbo imekatwa mkia."

"Mkia gani?"

"Mimi sijui maneno yenu. Lakini kila mnada mimi nangoja ile mahali watu wote wananyamaza. Iko wapi?"

"Imebaki Nairobi," nikamwambia. Na nikamweleza yote, habari za Mumbua, mto, vyondo, na zile dakika tatu. Alisikiliza mpaka chai ikashika ngozi juu.

"Si wangetoa mimi," akasema.

"Walitaka. Nzuki akakataa."

Akafuta uso kwa kitambaa chake. "Basi mimi nimekalia kiti cha mama huyo," akasema, na akatoka ameinama. Siku hiyo hakusalimia mtu mwingine.

Sasa mtaniambia, si Nzuki aliendelea kuupiga mnadani wote, na mwisho wake? Alijaribu. Lakini watu walikuwa wameshajua wimbo kwa santuri. Jina la Aftin likiitwa tu, wanapiga makofi, wanapiga mbinja, wanaitisha mwingine. Nzuki anainua mkono, na badala ya kimya zinakuja kelele za kumsifu. Anaimba, inaonekana midomo tu. Mbuvi akamwambia, "Nzuki, piga kama kwenye santuri. Watu wanapenda wanachokijua." Alimwambia kwa upole, akamnunulia soda.

Baadaye Mbuvi akaleta video kwenye baa, filamu za karate, na vijana wakahamia huko. Ushirikiano haukuvunjwa kwa ugomvi. Kamati iliacha tu kukutana. Mbuvi akaja na pikapu akachukua magitaa yake, akaomba radhi, akayaweka stoo, na nilipoenda kununua mahindi hapo niliona kuku amelalia mayai juu ya spika. Tukarudi Kathonzweni kulima mbaazi. Aftin naye, mwaka ule Wasomali walipoitwa waonyeshe kama ni Wakenya, alipanga foleni siku nyingi na watu aliokuwa akinunua ng'ombe wao wakipita wakimwangalia. Alipopewa kadi yake hakukaa. Alihamia Garissa. Alipitia kwetu kutuaga, akamletea Nzuki nyuzi mpya za gitaa la zamani, pakiti nzima.

Wanangu walioa. Kila binti wa kwanza aliyezaliwa aliitwa Kalunde, ndiyo desturi, bibi wa upande wa baba. Nina Kalunde watatu, ukiita mmoja wanakuja wote. Wa pili wakaitwa majina ya bibi zao wa upande wa mama. Nilipowaomba wakaza wanangu kwamba mmoja, hata wa mwisho, aitwe Mumbua, mkubwa wao akasema kwa heshima, "Mama, jina la mwanamke aliyekufa bila mtoto? Tumpe msichana wetu hiyo bahati?" Sikuwalazimisha.

Mwaka wa tisini na tatu Mbuvi akafa. Familia ikatuma gari Kathonzweni, ikisema mzee Nzuki aje apige ule wimbo kaburini, wimbo wa marehemu. Hivyo ndivyo walivyouita. Wimbo wa marehemu.

Nilidhani atakataa. Asubuhi hiyo alilitoa lile gitaa la mbao, akalifunga nyuzi za Aftin, akanyoa ndevu.

"Leo nitaumalizia," akaniambia. "Hakuna santuri pale. Hakuna dakika tatu. Kaburi halina haraka."

Watu walikuwa wengi, hema nne, na Jonah, mvi kichwa kizima, ndiye aliyeshika mikrofoni kuongoza mambo. Nzuki akaketi karibu na jeneza akaanza. Sauti ilikuwa imekonda lakini ilikuwa pale. Na watu wakaimba naye! Wote, mpaka watoto, neno kwa neno, kama santuri. Mbuvi alipotajwa wakalia kwa sauti. Shule ya Jonah, Jonah akafuta miwani. Walipofika kwa Aftin wa Emali walimwimba kwa nguvu sana, watu ambao waliacha aondoke bila hata kumsindikiza mpaka stesheni.

Nzuki akainua mkono.

Na makofi yakaanguka kama mvua ya mawe kwenye mabati. Vigelegele, mbinja. Nilimwona akingoja. Akangoja, mkono juu, na mimi nikaanza kusukuma watu, nikisema, nyamazeni, bado hajamaliza, nyamazeni jamani. Mama mmoja akanishika, "Tulia mama, tunajua ni uchungu." Jonah tayari alikuwa kwenye mikrofoni. "Asante sana mzee Nzuki! Hiyo ndiyo Emali yetu! Sasa pasta atuombee, tusimameni tufunge macho."

Watu wote wakasimama. Wakafunga macho. Na hapo, kabla pasta hajafungua kinywa, kile kimya kikaja. Kile chenyewe, cha siku zile, mpaka unasikia kamba ya hema ikigonga chuma.

Nzuki akaimba ndani yake. Bila mikrofoni, sauti ndogo iliyovunjika katikati. Na huu ni wa Mumbua, aliyenivusha.

Hakufika Athi. Alikuwa analia. Kijana wa Mbuvi, yule aliyetajwa kwenye wimbo, alifungua jicho moja, akamkumbatia mabega. "Pole, mzee," akamnong'oneza. "Najua mlipendana sana na baba."

Nzuki ameshakufa naye. Ana mjukuu aliye na jina lake, mtundu, anavunja kila kitu.

Jioni wale Kalunde wangu na Nzuki mdogo wanakuja jikoni kwa susu, bibi yao, niwategee. Juzi nimewategea hiki, nilikitunga mwenyewe: nyumba ni yake, wameingia wote wakala wakashiba, wamefunga mlango, na yeye bado yuko nje. Nani?

"Mbwa!" akasema mmoja.

"Susu, ni mpishi!"

"Ni mtu amechelewa," akasema Nzuki mdogo.

Wakajaribu mpaka ugali ukaiva. Wakashindwa.

"Basi nipeni mji," nikasema.

Wakanong'onezana, wakachagua mkubwa kuliko yote wanayoijua, ule wenye taa na malori na reli. "Tunakupa Emali, susu! Emali yote!"

"Emali sitaki," nikawaambia. "Nipeni mwingine."